Njia ya Kurudi Nyumbani Imefupika

Ndugu zetu wana-Butiama, popote mlipo,

Ukiuliza kutoka Dar es Salaam hadi Mwitongo ni mbali kiasi gani, jibu linategemea unazungumzia mwaka gani. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 810. Kwa barabara kupitia Dodoma, Singida na Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,300. Nchi haijasogea, lakini saa za safari zimepungua sana.

Mwaka 1934 mtoto Kambarage alipoanza shule Mwisenge, Musoma, umbali wa karibu kilomita 35 ulikuwa safari ya kuagwa na ukoo. Aliyekwenda mbali zaidi alipanda meli Musoma hadi Mwanza, kisha treni, kwa kuwa reli ya kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza mwaka 1928.

Baadaye yakaja mabasi. Barabara ya Singida, Nzega na Shinyanga ilikuwa ya vumbi, na masika ilikuwa ya tope. Mpaka wa Kenya uliofungwa mwaka 1977 ulipofunguliwa tena mwaka 1983, mabasi ya Musoma yakawa yanapita Arusha, Namanga na Nairobi, halafu yanaingia tena nchini Sirari. Mtanzania alihitaji hati ya kusafiria ili akamzike baba yake ndani ya Tanzania.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo tarehe 23. Taifa zima lilimsubiri. Misiba yetu ya kawaida haikuweza kusubiri siku tisa. Wengi wetu tulifika tukakuta kaburi limeshafukiwa na matanga yanakaribia kuanuliwa. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Sisi hatukukataa kwetu, njia ndiyo ilitukataza.

Lami ilipokamilika katikati ya nchi, Nairobi ikatoka kwenye safari zetu. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Ndege ya Dar es Salaam hadi Mwanza hutumia kama saa moja na nusu, kisha gari hupita Magu, Lamadi na Bunda kwa mwendo wa saa tatu hivi. Yaani siku hizi kipande cha gari kinachukua muda mrefu kuliko kile cha ndege.

Hesabu hiyo inaishia kwenye lami. Ukiiacha barabara kuu, bado kuna njia za vijijini ambazo mvua ikinyesha gari halipiti. Mama mjamzito wa huko hapimi umbali kutoka Dar es Salaam. Anaupima kutoka mlangoni kwake hadi zahanati, na usiku wa mvua umbali huo ni mrefu kuliko safari yetu yote.

Barabara kuu zimejengwa kwa kodi za Watanzania wote. Kalavati la kijijini, changarawe kwenye korongo na nauli ya kumkimbiza mgonjwa hospitali ni mambo tunayoweza kuyabeba sisi wenyewe.

Udhuru wa umbali tuliwahi kuwa nao, na ulikuwa wa kweli. Leo hatunao. Basi tuchange, kisha tupande gari twende tukakague kazi kwa macho yetu, kwani hesabu za kwenye karatasi peke yake hazitoshi.

Karibuni nyumbani.