Iwanza na Uzee wa Mpagazi

Katika zama ambazo njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji haikuwa reli wala lami, bali ujia mwembamba wa nyayo uliopasua Ugogo na kuvuka nyika ya Mgunda Mkali hata ukatokea Tura na Rubuga, msafiri aliyefika katika kijiji cha Unyamwezi, awe mwenye mali au mchukuzi wa mali ya mwenziwe, hakuhangaika kuuliza atalala wapi, kwa kuwa alijua ya kwamba ndani ya boma palikuwa na nyumba iliyozipita nyingine kwa ukubwa, iliyoitwa iwanza, na ya kwamba humo atawakuta wazee.

Richard Burton, Mwingereza aliyewasili Kazeh, mahali palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857 baada ya mwendo wa siku 134 kutoka pwani, aliziandika nyumba hizi katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwa jicho kali na ulimi mkali zaidi. Anasema kwamba zilikandikwa kwa ustadi kuliko nyumba za kawaida. Kwamba sehemu kubwa ya ndani ilijazwa ulili mpana wa mbao uliosimama juu ya nguzo za panda, ambapo watu wengi waliweza kulala bega kwa bega. Kwamba ukutani palitundikwa mikuki, mishale, fimbo, viko na mivukuto. Na kwamba wanaume wa kijiji walishinda humo, na mara nyingi walilala humo, wakila, wakinywa pombe, wakivuta tumbaku na bangi, wakicheza kamari na kupiga soga. Aliona uvivu. Lakini mivukuto haitundikwi na wavivu, na mtu apitaye kwa haraka, mwenye homa mwilini na maziwa ya kuyatafuta mbele yake, huona watu waliokaa bila ya kuona wanachokikalia.

Waliokaa kwa haki zaidi ya wengine walikuwa wazee. Desturi ya Wanyamwezi haikuruhusu wanaume kula pamoja na wanawake, hata mvulana aliyeanza kubaleghe aliona haya kuonekana akila na mama yake. Kwa hiyo chakula cha wanaume kililetwa iwanza kutoka nyumba mbalimbali, kikaliwa kwa shirika, na katika ugali wa shirika haielekei kwamba mtu aliuliza ni tonge la nani lililotoka kwa mkewe na ni la nani lililotoka kwa mke wa jirani. Mzee aliyefiwa, ambaye wanawe walikuwa safarini na nyumbani kwake moto haukuwashwa, alinawa mikono pamoja na wenziwe. Naye alikuwa na kazi. Msafara ulipotua, yeye ndiye aliyepokea habari za pwani, bei ya nguo za merikani na shanga, habari za hongo, yaani ushuru wa njia, huko Ugogo na za vita vya watemi. Ugomvi mdogo wa shamba au wa mahari uliletwa kwake kabla ya kupandishwa kwa mtemi. Na kijana aliyekuwa akijifunza kuufunga mzigo wake wa kwanza alifunzwa na mtu ambaye bega lake lilikuwa limekwisha kufanya sugu. Basi mzee hakulishwa kwa huruma, na hili kwa rai yangu ndilo jambo la kuzingatiwa kuliko yote katika taarikhi hii.

Burton ataja pia ya kwamba iwanza zilikuwa mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na ya kwamba ile ya pili mgeni hakukaribishwa kuiingia. Kwa sababu hiyo maarifa yaliyoandikwa juu ya uzee wa mwanamke wa Unyamwezi katika karne ile yamesimama mlangoni pamoja na Burton. Tunaloliona kutoka nje ni kwamba misafara ilipoondoka baada ya mavuno, kati ya Mei na Juni, na kurejea kabla ya mvua za Novemba, vijiji viliachwa mikononi mwa wanawake, wazee na watumwa. Na kwamba ajuza, kwa kuwa jembe na mtungi havina iwanza, alistaafu baadaye sana kuliko mumewe, kama alistaafu kabisa.

Mpagazi alijiwekea akiba yake kwa namna ya wakati wake. Alichukua mzigo wa frasila mbili, mara nyingine zaidi, na ujira wake wa nguo, shanga na majembe ukageuka ng'ombe, ng'ombe wakageuka mahari, mahari ikazaa wana na wajukuu, nao ndio waliokuja kumchukua yeye alipokuwa hawezi tena kuchukua kitu. Akiugua ugenini alikuwa na utani, ule uliofungwa na safari kati ya Wanyamwezi na Wazaramo na makabila mengine ya njiani, ambao watu wa siku hizi wanaukumbuka kwa masihara yake, na wanasahau kwamba mtani alikuwa na dhima ya kumzika mtani wake aliyefia mbali na ndugu. Pensheni kwa maana ya ofisi ilikuwa nadra kama mvua ya Agosti. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akawaongoza wavumbuzi wa Kizungu Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron aliyelivuka bara zima, alipewa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London mwaka 1876 nishani ya fedha na malipo ya maisha, akayala mpaka alipofariki mwaka 1885. Maelfu waliobeba masanduku nyuma yake walitegemea wana wao.

Na asiyekuwa na wana karibu yake? Hata David Livingstone alipata kulijibu swali hili Kwihara, hatua chache kutoka Tabora, alipotimiza miaka 59 mwezi Machi 1872, siku chache baada ya Stanley kumwacha na kurudi pwani. Alikaa katika tembe la udongo mpaka Agosti akingoja wapagazi watumwe kwake, mzee mgonjwa asiye na jamaa karibu, akiishi kwa akiba aliyoachiwa na Stanley. Lakini yeye alikuwa mgeni mwenye jina. Tabora ilijaa watu waliokuwa wageni bila ya jina: Wamanyema na wengine kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walioletwa na biashara ya pembe na ya watu, wakalima mashamba ya Waarabu na ya Wanyamwezi matajiri, wakazeekea katika mji ambao kaburi la babu yao halikuwamo.

Serikali ya Kijerumani, ambayo iliuvunja utawala wa Mtemi Isike wa Tabora mwezi Januari 1893, Isike akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kutekwa, haikuufuta utumwa wa majumbani, bali iliutungia kanuni. Amri ya Kansela ya tarehe 29 Novemba 1901 ilimwachia mtumwa siku mbili za juma azifanyie kazi zake mwenyewe, na ikamlazimisha bwana kumlisha na kumwuguza mtumwa wake katika maradhi na uzee, wala bwana hakuweza kujivua dhima hiyo kwa kumpa uhuru mtu aliyekwisha kuchakaa. Katika sheria za serikali zilizopata kuandikwa kwa nchi hii, hiyo ni miongoni mwa za kwanza kuutaja uzee kuwa jambo la dhima ya mtu kwa mtu. Na ni aibu ya zama zile kwamba ilibidi itajwe ndani ya sheria ya utumwa. Kuna maana pia katika kujua kwa nini iliandikwa. Hapana aandikaye katazo la jambo ambalo watu hawalifanyi, na bwana aliyempa ajuza barua ya uhuru asubuhi ili asimpe chakula jioni hakuwa kiumbe wa kubuniwa. Amri nyingine ya mwaka 1904 iliwafanya huru watoto waliozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905, na Waingereza wakaumaliza utumwa kwa sheria ya mwaka 1922. Watoto wakaenda zao relini na kwenye mashamba ya mkonge. Wazee, ambao uhuru ulikuja kuwakuta hawana nguvu ya kuutumia, wengi walibaki palepale walipokuwa, chini ya miembe ileile.

Iliyowapokea ni dini. Msikitini mzee alikuwa na mahali pake katika safu, na futari ya Ramadhani, zaka na sadaka ya maiti vilimfikia bila ya yeye kunyoosha mkono, na katika halqa ya dhikiri aliyekuwa mtumwa na aliyekuwa bwana walishikana mikono wakayumba pamoja. Mapadre Weupe, waliojenga Kipalapala katika miaka ya 1880 na baadaye Ushirombo, walikusanya watu waliokombolewa, hasa watoto. Na huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Adrien Atiman, aliyekamatwa utumwani utotoni katika Sudani ya Magharibi, akakombolewa na kusomeshwa uganga wa kisasa, aliwatibu watu tangu mwaka 1889 mpaka alipofariki mwaka 1956, hata akawa yeye mwenyewe ni shaibu anayewauguza mashaibu. Wamoravian walifungua hospitali Sikonge, na makazi ya wenye ukoma, ambako watu waliingia vijana, wakapona au wasipone, na wakazeekea humohumo.

Iwanza zenyewe zilikufa kwa amani, na hili ni jambo la ajabu kidogo. Maboma makubwa ya karne ya kumi na tisa yalijengwa kwa hofu ya ruga-ruga, wapiganaji wa kukodiwa, na ya watemi wa vita kama Mirambo wa Urambo. Mirambo alipofariki mwezi Desemba 1884 na vita vikatulizwa baadaye kwa mkono wa ukoloni, watu waliacha kubanana, wakatawanyika kila mtu kwenye shamba lake, na boma lilipokosekana, iwanza iliyokuwa ndani yake ilikosa kazi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mgeni akateremka stesheni, habari zikaja kwa simu, na mzee aliyekuwa akiwapokea wasafiri akabaki na wajukuu penye moto wa jioni, ule ambao majirani Wasukuma wauita shikome. Utemi ulipoondolewa mwaka 1963, wazee wa ikulu waliozoea kuketi kando ya mtemi na kumshauri walirudi makwao. Katika miaka ya sabini watu walikusanywa tena katika vijiji vya ujamaa. Vikajengwa shule, zahanati, ofisi na ghala, lakini katika vijiji hivyo vipya iwanza haikurudi.

Kisha ikaja fedheha ambayo mwandishi wa mambo ya nchi hii hana ruhusa ya kuinyamazia. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora vikongwe, wengi wao wajane, walituhumiwa uchawi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe ambavyo walipikia kwa miaka hamsini, wakauawa kwa mapanga usiku. Yule ajuza ambaye katika karne ya kumi na tisa alikosa kupumzika, sasa alikosa hata salama ya kulala. Na nyuma ya tuhuma, mara nyingi mno, palikuwa na shamba ambalo mtu alilitamani.

Huko Ipuli, pembezoni mwa mji wa Tabora, serikali ina makazi ya wazee, moja katika makazi ya aina hiyo yaliyotawanyika nchini pamoja na Kolandoto ya Shinyanga, Bukumbi ya Mwanza, Kibirizi ya Kigoma na Sukamahela ya Manyoni, baadhi yake yakiwa yalianza kama kambi za ukoma. Ukiifuata ramani utaona kwamba kadhaa yamekaa juu ya njia za misafara, au karibu nazo. Wakaao humo hupata kitanda, chakula, matibabu na uangalizi, na asiyekuwa na mtu hulala bila ya hofu ya panga, jambo ambalo si dogo. Wageni pia huja, hasa siku za sikukuu na tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wakileta mchele, sukari, sabuni na vitenge, kisha hupiga picha na kuondoka. Katika iwanza mgeni alikuja kuomba, naye mzee ndiye aliyempa mahali pa kulala. Tofauti hiyo haizibwi kwa mchele, nami nashuku kama wale wanaopanga huduma za wazee wamepata kuipima.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema ya kwamba mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na ya kwamba makazi yawe kimbilio la mwisho, familia na jamii zikitangulia. Yameundwa mabaraza ya wazee, na katika hospitali pamewekwa dirisha lao na tangazo la kuwataka wengine wampishe mzee ahudumiwe kwanza. Kwa hakika mabaraza hayo, yakipewa meno na fungu, ndiyo yaliyo karibu zaidi na iwanza. Mfano mzuri uko Nshamba, wilaya ya Muleba, ambako shirika la Kwa Wazee tangu mwaka 2003 limewalipa wazee, wengi wao bibi waleao wajukuu yatima, posho ya kawaida ya fedha taslimu, na wao wakajifungia vikundi vya muawana, wakatembeleana wagonjwa na hata kujifunza kujihami mtu akiwavamia.

Visiwani kumefanyika zaidi. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, bila ya kumwuliza alipata kuajiriwa wapi, shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi ambacho baadaye kilipandishwa. Unguja wamo watu wenye asili ya Unyamwezi, ambao babu zao waliteremka na pembe mabegani wasirudi tena bara. Wajukuu hao wakifika sabini huenda kupokea haki yao, na binamu zao waliobaki Kanyenye na Isevya mjini Tabora, ikiwa maishani mwao hawakupata kuwa na mwajiri wa kuwachangia, huwategemea wana wao, kadi ya matibabu, na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii endapo kaya yao imeandikwa.