Ganzi ambayo Anarcha hakupewa

Katika kambi za wakimbizi wa ndani nimeongea na wamama waliosafishwa tumbo la uzazi baada ya mimba kuharibika. Zaidi ya mmoja aliniambia: "Walinishika miguu, wakasema nivumilie." Neno hilo lina historia ndefu.

Twende Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Kuanzia mwaka 1845, munganga J. Marion Sims alijifunza kushona fistula kwenye miili ya wanawake weusi waliokuwa watumwa. Watatu wanajulikana kwa majina: Anarcha, Betsey na Lucy. Sims alipatana na mabwana zao. Anarcha alipasuliwa karibu mara 30, bila ganzi.

Mwezi wa kumi 1846, mjini Boston, watu walionyeshwa kwamba mvuke wa etha unamfanya mgonjwa asisikie kisu. Mwaka 1847, kule Edinburgh, munganga Simpson akaanza kuwapa klorofomu wamama wanaozaa. Sims aliendelea bila dawa hadi alipofaulu mwaka 1849. Baadaye alisema maumivu ya upasuaji huo si makali kiasi cha kuhitaji ganzi. Lakini nani aliyalala juu ya meza? Si yeye.

Mwaka 2018 sanamu yake iliondolewa katika bustani ya Central Park, New York. Hata hivyo, kifaa chenye jina lake, cha kufungua njia ya uzazi, kingali kinatumiwa duniani. Na wazo lake pia linaishi: kwamba kazi fupi ya huko chini haihitaji dawa.

Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi: kila mama anayesafishwa tumbo la uzazi apewe dawa ya maumivu, hata kama anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kuna vidonge kama ibuprofeni, na kuna sindano ya lidokaini kwenye shingo ya mfuko wa uzazi. Tena shirika hilo linataka pampu ya mkono itumiwe mahali pa chuma cha kukwangua.

Mama, kabla hujapanda kwenye meza, uliza: "Munganga, nitapewa dawa gani ya maumivu?" Kuuliza si utovu wa adabu. Anarcha hakuwa na nafasi ya kuuliza. Wewe unayo.