Majina ya Maziwa na Mabonde ya Uskoti

Katika nchi ya Malawi uko mji mkubwa uitwao Blantyre. Mwanafunzi asiyeambiwa aweza kudhani kuwa jina hilo ni la Kichewa, lakini sivyo. Mji huo ulianza kwa misheni ya Kanisa la Uskoti mwaka 1876, ukapewa jina la kijiji cha karibu na Glasgow alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813. Jina lilivuka bahari pamoja na watu waliolizoea. Katika makala haya tumekusudia kwenda huko lilikotoka, tukatazame majina ya maziwa, milima na mabonde ya Uskoti. Sisi walimu wa lugha tuna sababu ya pekee ya kuyatazama, kwa kuwa nchi ile imebadili lugha mara kadhaa, na kila lugha ilipoondoka iliacha majina nyuma yake.

Neno la kwanza la kujua ni loch. Ni neno la Kigaeli, lugha ya wenyeji wa milimani na visiwani, iliyo ndugu wa Kiayalandi. Sauti yake ya mwisho ni ile ya kh katika neno kheri kwa wanaolitamka Kiarabu. Kwa hiyo mwalimu wa pwani atalitamka vizuri kuliko Mwingereza wa London, ambaye aghalabu husema lok. Tena loch si ziwa tu. Mkono wa bahari uingiao katikati ya milima, ambao watu wa mwambao wangeuita hori, nao huitwa loch. Loch nan Uamh, yaani loch ya mapango, ni maji ya chumvi. Hapo ndipo mwanamfalme Charles Edward Stuart alipopanda meli mwaka 1746 kukimbilia Ufaransa baada ya kushindwa vitani. Ziwa dogo huitwa lochan. Wao huonyesha udogo kwa kiambishi tamati, nasi kwa kiambishi awali, kama tusemavyo mlima na kilima.

Mgaeli aliitazama nchi kama mwili. Druim ni mgongo, nalo ni jina la safu ndefu ya vilima. Sròn ni pua, yaani ncha ya mlima itokezayo mbele. Ceann ni kichwa: rasi ya Kintyre ni Ceann Tìre, kichwa cha nchi. Msomaji akumbuke kuwa neno letu rasi latokana na Kiarabu, na huko Uarabuni maana yake ni kichwa vilevile. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja pwani kwake, waliona ardhi imechomoza baharini wakafikiri jambo moja.

Lakini Kigaeli hakikuwa cha kwanza. Kabla yake walikuwapo Wapikti upande wa kaskazini na mashariki, na Wabritoni upande wa kusini, ambao lugha yao ilikuwa ndugu wa Kiwelisi cha leo. Mahali mto unapomwaga maji yake, Wagaeli huita inbhir, nao wenzao wa kale waliita aber. Ndiyo maana leo tuna Inverness, yaani mlango wa mto Ness, na tuna pia Aberdeen. Mtu mwenye ramani na subira aweza kutia alama penye aber zote, akaona mahali ambapo lugha ile ya kale iliwahi kusemwa, ingawa hakuna aliye hai anayeisema.

Loch Lomond, ziwa lenye eneo kubwa kuliko yote katika kisiwa cha Britania, latufundisha zaidi. Hapo zamani halikuitwa hivyo. Liliitwa kwa jina la mto utokao humo, mto Leven, na wilaya yote ya kandokando iliitwa Lennox kutokana na jina hilohilo. Baadaye watu wakaanza kuliita kwa jina la mlima ulio juu yake, Ben Lomond, wenye mita 974. Jina la mlima wataalamu hulieleza kwa neno la Kibritoni lenye maana ya mwenge au moto wa ishara, kwa kuwa juu yake moto huonekana mbali. Basi mlima umelinyang'anya ziwa jina lake, na mto peke yake ndio uliobaki na lile la kwanza.

Huko mashariki mambo yalikwenda kinyume. Mlima maarufu wa Lochnagar una jina la ziwa! Chini ya majabali yake kuna ziwa dogo, Lochan na Gàire, yaani kiziwa cha kelele au cha kicheko. Wenyeji waliuita mlima wenyewe Beinn Chìochan, mlima wa matiti. Twadhani wageni wenye haya hawakusikitika jina hilo lilipoachwa.

Kutoka karne ya 8 na ya 9 walifika watu wa Norwe kwa mashua zao, wakatawala visiwa na pwani ya kaskazini. Visiwa vya magharibi vilirudi kwa mfalme wa Uskoti mwaka 1266, na vile vya Orkney na Shetland viliwekwa rehani kwake mwaka 1468 na 1469, visikombolewe tena. Wanorwe hao waliacha jina ambalo huwashangaza wanafunzi wa jiografia. Wilaya ya Sutherland, iliyo karibu na ncha ya kaskazini kabisa ya bara la Uskoti, maana yake ni nchi ya kusini. Aliyeipa jina hakusimama Edinburgh wala London. Alisimama Orkney, akatazama kusini ng'ambo ya maji. Hapa ndipo tunapouona msingi wa elimu hii yote. Jina la mahali hutueleza mahali penyewe, lakini kabla ya hapo hutueleza mtaji alisimama wapi.

Katika wilaya hiyohiyo kuna Loch Laxford. Lax kwa Kinorwe cha kale ni samaki aina ya samoni, na ford hapa ni fjörðr, yaani hori. Wagaeli waliofuata hawakuielewa sehemu ya pili, wakaongeza loch yao mbele. Jina zima likawa hori ya hori ya samoni. Tusiwacheke. Ramani zetu zina Ziwa Nyasa, na neno nyasa kwa Kiyao ni ziwa tu. Livingstone alipolifikia mwaka 1859 aliuliza jina, akajibiwa, akaliandika jibu. Yeye alitoka katika nchi iliyojaa majina ya namna hiyo.

Katika kuandika ndipo penye mgogoro. Baada ya uasi wa 1745 jeshi la serikali liliipima Uskoti kati ya 1747 na 1755, kwa kuwa majemadari walihitaji kuzijua njia za milimani. Katika karne ya 19 idara ya ramani ilipima upya, ikaandika kila jina katika vitabu maalumu. Palipokuwa na tahajia mbili, neno la mwenye shamba kubwa, kasisi au mwalimu wa shule lilipewa uzito kuliko la mchungaji aliyepita pale kila siku. Mfano mzuri ni milima ya Cairngorm. Hilo ni jina la mlima mmoja, lililotandazwa juu ya safu nzima, nalo maana yake ni kilima cha buluu. Waliokaa chini yake waliiita safu hiyo Am Monadh Ruadh, milima myekundu, ili kuitofautisha na ile ya kijivu, Am Monadh Liath, iliyo ng'ambo ya mto Spey. Wenyeji walisema nyekundu, ramani ikasema buluu, na ramani ikashinda. (Tena gorm hiyo huweza kuwa rangi ya majani mabichi, anayefundisha rangi kwa kutafsiri neno kwa neno na azingatie hilo.)

Sheria ya elimu ya 1872 iliwalazimisha watoto wote kwenda shule, lakini haikukitaja Kigaeli hata mara moja. Sensa ya 1891 ilihesabu wasemaji zaidi ya 250,000. Ile ya 2011 haikufikia 60,000. Sheria ya 2005 imekipa nafasi, shule zinakifundisha, na sensa ya 2022 ilikuta wasemaji karibu 70,000. Hata hivyo wengi wapitao kando ya maziwa hayo husoma vibao wasijue vinasema nini.

Turudi Sutherland, kwenye bonde la mto Naver, utokao Loch Naver ukielekea bahari ya kaskazini. Hapo palikuwa na kijiji cha Rosal. Jina ni la Kinorwe, uwanja wa farasi, lakini waliokaa humo walisema Kigaeli. Katika miaka ya 1814 hadi 1819 wakazi wa bonde hilo walifukuzwa ili kondoo wapate malisho, na baadhi ya nyumba zilichomwa moto. Wakala Patrick Sellar alishtakiwa Inverness mwaka 1816, akaachiliwa. Leo Rosal ni misingi ya mawe katikati ya nyasi. Wengi wa waliofukuzwa walipewa vipande vyembamba vya ardhi pwani, na penye mlango wa mto kikajengwa kijiji kiitwacho Bettyhill, kilima cha Betty. Betty huyo ni Elizabeth, bibi mkubwa wa Sutherland, mwenye ardhi na mwenye kondoo. Kwa Kigaeli mahali hapo huitwa Am Blàran Odhar, kiwanja kidogo cha rangi ya udongo.