Haute Route: siku sita juu ya barafu, kutoka Chamonix mpaka Zermatt

Watu wa Mutwanga na wa eneo la Beni wamezoea kuona weupe juu ya Ruwenzori asubuhi mapema, mawingu yakifunguka. Weupe ule ni barafu kweli, ijapokuwa sisi tuko karibu na ikweta. Huko Ulaya, katika milima ya Alpi, kuko njia moja ambapo watu wanatembea juu ya barafu ya namna ile siku sita ao saba, na kila usiku wanalala katika nyumba ndogo za mlimani. Inaitwa Haute Route, ni kusema Njia ya Juu. Hapa tunaeleza njia hiyo ni nini, inapitwa namna gani, na sababu gani wengine hawarudi.

Njia yenyewe

Inaanzia Chamonix, Ufaransa, chini ya Mont Blanc. Inamalizikia Zermatt, katika inchi ya Uswisi, chini ya Matterhorn, mlima wa meta 4,478. Ni makilometa zaidi ya 100, na sehemu kubwa iko juu kuliko meta 2,500. Mwaka 1861 wapanda milima kutoka Uingereza na wenyeji waliowaongoza waliipita kwa miguu, wakati wa joto. Mwaka 1903 daktari mmoja wa Chamonix, Michel Payot, pamoja na viongozi wa milima, walijaribu kuipita wakati wa baridi kwa kutumia ski. Leo watu wanaenda zaidi kati ya katikati ya mwezi wa tatu na mwisho wa mwezi wa ine, juu wakati ule theluji imefunika vizuri mashimo ya barafu.

Mutu anapandaje na ski?

Ski ni vipande viwili virefu, vyembamba, vinavyofungwa chini ya viatu. Kushuka ni kuteleza tu. Swali ni kupanda. Chini ya ski wanabandika ukanda wenye manyoya yanayoangalia nyuma: ski inateleza kwenda mbele lakini hairudi nyuma. Zamani ulikuwa ngozi ya sili, mnyama wa bahari. Leo ni nailoni ao manyoya ya mbuzi. Wakati wa kupanda kisigino kinaachwa huru. Wakati wa kushuka kinafungwa. Pale mlima unasimama sana, kama vile juu ya nyumba ya Valsorey, wanatoa ski, wanazifunga kwenye mufuko wa mgongoni na kupanda na meno ya chuma chini ya viatu.

Nyumba za mlimani

Majina yanayojulikana ni Argentière, Trient, Valsorey, Chanrion na Vignettes. Hii ya mwisho iko kwenye mwamba, karibu meta 3,160. Usifikiri ni hoteli. Watu wanalala wengi katika chumba kimoja, mlinzi anapika, na maji mara nyingi ni theluji iliyoyeyushwa. Vyakula vinaletwa na helikopta. Sherti mutu aombe nafasi mbele. Wanaamka kungali giza, kwa sababu asubuhi theluji ni ngumu. Jua likipanda inalegea na inaweza kuporomoka.

Hatari tatu

Ya kwanza ni mashimo marefu ndani ya barafu, yaliyofunikwa na theluji. Ndiyo maana wanafungana kamba. Ya pili ni maporomoko. Kila mutu anavaa kifuani kiredio kidogo kinachotuma alama, ili wenzake wamutafute akifunikwa. Anabeba tena koleo na fimbo ndefu ya kuchoma theluji. Wenzake ndio daktari wa kwanza: kisha dakika 10 ao 15, nafasi ya kumutoa mutu muzima inapunguka haraka sana.

Ya tatu ni hali ya hewa, na ndiyo inadanganya watu zaidi. Mwisho wa mwezi wa ine 2018, watu 14 walishikwa na upepo mkali na mawingu karibu na mlima Pigne d'Arolla. Hawakuona njia tena. Walikesha inje, meta mamia machache tu kutoka nyumba ya Vignettes. Saba walikufa. Katika mwezi wa tatu 2024, watu sita walishikwa na dhoruba karibu na Tête Blanche, kati ya Zermatt na Arolla. Watano walipatikana wamekufa.

Viongozi wa kule wanasema jambo moja bila kuchoka: kurudi nyuma si haya. Nyumba iko karibu, lakini mutu asiyeona mbele yake haifikie.

Barafu inapunguka

Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, Uswisi ilipoteza karibu asilimia 10 ya barafu yake yote ya milimani. Barafu ikishuka, njia za kupita kati ya vilele zinabaki mawe matupu na zinasimama zaidi.

Kwetu ni vile vile. Mwaka 1906, wakati Luigi Amedeo wa Savoia, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alifika kilele cha Margherita, meta 5,109, barafu ilikuwa juu ya milima sita ya Ruwenzori. Leo kinachobaki kiko zaidi juu ya mlima Stanley, kwenye mupaka wa Kongo na Uganda. Na njia ya Mutwanga nayo inaenda nyumba kwa nyumba: Kalonge, Mahangu, Kiondo. Hakuna ski pale, lakini sheria ni ile ile: anza mapema, usiachane na wenzako, na mawingu yakifunga, rudi. Mlima utabaki pale. Barafu yake, haitabaki siku zote.