Tochi, Kibao cha 50 na Mteremko: Udhibiti wa Mwendokasi katika Barabara za Arusha

Barabara kuu tatu hukutana katika Jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566. Moja inatoka Moshi kupitia King'ori, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru. Ya pili inateremka kutoka mpakani Namanga kupitia Longido, Oldonyo Sambu na Ngaramtoni. Ya tatu inaelekea Kisongo na Makuyuni, ambako hugawanyika, upande mmoja ukienda Babati na Dodoma, mwingine ukienda Mto wa Mbu, Karatu na hifadhi za wanyama. Katika barabara hizo malori ya mizigo ya nchi jirani, mabasi ya mikoani, magari ya watalii, daladala, bodaboda na wanafunzi wanaokwenda shule kwa miguu hutumia lami ileile.

Mkoa huu unaufahamu uchungu wa ajali za barabarani. Tarehe 6 Mei, 2017, basi dogo lililowabeba wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Lucky Vincent ya jijini Arusha lilitumbukia katika korongo la mto Marera, eneo la Rhotia wilayani Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walipoteza maisha. Tarehe 24 Februari, 2024, lori lililokuwa likiteremka kuelekea mjini liligonga magari mengine matatu eneo la Ngaramtoni, na watu 25 wakafariki dunia.

Matukio hayo mawili yalitokea kwenye miteremko. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuutazama udhibiti wa mwendo kwa upana zaidi ya ule mzoea wa kujiuliza askari amesimama wapi. Kifaa cha kupimia mwendo, maarufu kwa jina la tochi, hupima mwendo wa gari mahali pamoja na kwa muda mfupi sana. Sheria, kwa upande wake, inamtaka dereva adhibiti mwendo katika safari yake yote.

Sheria inasema nini

Msingi wa udhibiti huu ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwendo wa juu unaoruhusiwa katika maeneo ya miji, vijiji na makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa. Nje ya maeneo hayo, magari ya biashara na ya abiria yenye uzito unaozidi kilo 3,500, yakiwamo mabasi na malori, hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Alama inayowekwa barabarani inaweza kuagiza mwendo mdogo zaidi pale ambapo pana kona kali, shule, daraja au matengenezo.

Kibao cha duara lenye mzingo mwekundu na namba 50 ndicho kinachoonesha mwanzo wa eneo la kikomo hicho. Kibao cha pili, chenye namba hiyohiyo iliyokatwa kwa mistari, ndicho kinachoonesha mwisho wake. Kati ya vibao hivyo viwili kikomo ni kilekile, hata kama nyumba zimepungua kando ya barabara. Madereva wengi hujikuta wametenda kosa katika mita mia chache za mwisho, kwa kukanyaga mafuta baada ya kuona kibao cha kumaliza kwa mbali, kabla ya kukifikia.

Upana wa barabara nao haubadilishi kikomo. Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, yenye urefu wa kilomita 14.1, imepunguza msongamano na kumpa dereva nafasi ya kwenda kasi. Lakini mtu anayevuka kwa miguu sasa anapita mbele ya njia nne badala ya mbili. Siku za Jumatano na Jumamosi, soko la Tengeru linapofurika, idadi ya wanaovuka na mizigo kichwani huongezeka maradufu. Kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi kiliwekwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Kwa magari yasiyo na shughuli mjini ipo barabara ya mchepuo yenye urefu wa kilomita 42.4 inayolizunguka jiji, iliyozinduliwa Julai 2022 na viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Dereva wa lori anayetoka Namanga kwenda Moshi hana tena ulazima wa kupita katikati ya jiji. Hata hivyo, nako makazi yanazidi kusogea kando ya barabara, na vibao vilivyopo vina nguvu ileile ya kisheria.

Tochi inavyofanya kazi

Vifaa vya kupimia mwendo viko vya aina mbili kuu. Aina ya kwanza hutumia mawimbi ya rada. Kifaa hurusha mawimbi kuelekea gari, mawimbi yakaligonga na kurudi yakiwa yamebadilika kulingana na kasi ya gari hilo. Aina ya pili hutumia miale ya leza isiyoonekana kwa macho. Kifaa hutuma mapigo mengi ya miale katika muda wa chini ya sekunde moja, hupima umbali kwa kila pigo, kisha hukokotoa umbali huo unapungua kwa kasi gani. Leza ina faida ya kulichagua gari moja kati ya mengi.

Vifaa vya kisasa hupiga pia picha inayoonesha gari, mwendo wake, tarehe na saa. Ndiyo maana askari anayepima na askari anayesimamisha gari wanaweza kuwa katika vituo viwili tofauti. Wa kwanza hupima na kutuma picha. Wa pili, aliye mbele, humsimamisha dereva na kumwonesha ushahidi.

Baadhi ya madereva huamini kwamba kifaa kinachopima kutoka pembeni mwa barabara huongeza mwendo kuliko ulivyo. Kwa kanuni za fizikia, hali ni kinyume. Gari linapopimwa kwa pembe, namba inayosomeka huwa ndogo kidogo kuliko mwendo halisi, hivyo pembe hiyo humpunguzia dereva badala ya kumwongezea.

Baada ya kusimamishwa

Dereva aliyesimamishwa kwa kuzidisha mwendo anapaswa kuelezwa kosa lake na kuoneshwa kipimo. Akikubali kosa, huandikiwa taarifa ya kosa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Jeshi la Polisi, yenye kumbukumbu namba ya malipo. Faini kwa dereva wa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Kwa bodaboda na bajaji, Serikali ilipunguza faini hiyo kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 katika bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22. Malipo hufanyika benki au kwa simu ya mkononi, na mmiliki wa gari anaweza kuangalia mtandaoni iwapo gari lake lina deni.

Dereva asiyekubali kosa hana sababu ya kubishana barabarani. Ana haki ya kulipinga mbele ya mahakama, ambako askari atatakiwa kuwasilisha ushahidi wake. Kwa makosa mazito, mahakama inaweza pia kumzuia dereva kuendesha kwa muda.

Fedha taslimu inayotolewa dirishani ili picha ifutwe ni rushwa. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Sura ya 329, anayetoa na anayepokea wote wanatenda kosa. Zaidi ya hapo, dereva aliyenunua ruhusa ya kukimbia huondoka na kasi ileile aliyosimamishwa nayo, na hatari hiyo huwakuta wanakijiji walio mbele yake.

Kati ya tochi moja na nyingine

Ni desturi ya muda mrefu madereva kupeana ishara ya taa kwamba mbele kuna askari. Matokeo yake yanajulikana. Magari hupunguza mwendo ghafla, hupita mbele ya askari kwa utulivu, kisha kilomita moja baadaye hurudia kasi ya awali. Tochi inakuwa imedhibiti mita mia kadhaa za barabara yenye makumi ya kilomita.

Tatizo hilo halipo Tanzania pekee. Italia, kwa mfano, ilianza mwaka 2005 kutumia kamera zinazopima wastani wa mwendo katika barabara zake kuu. Kamera ya kwanza husoma namba ya gari na saa lilipopita. Ya pili, kilomita kadhaa mbele, husoma tena. Umbali ukigawanywa kwa muda uliotumika, wastani wa mwendo hujulikana. Dereva hafaidiki kwa kupunguza mwendo mbele ya kamera, kwa kuwa kinachopimwa ni njia nzima aliyopita.

Kwa mabasi ya abiria nchini, kazi inayofanana na hiyo hufanywa na Mfumo wa Kufuatilia Mwenendo wa Magari, unaofahamika kama VTS, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Kifaa kilichofungwa ndani ya basi hutuma mahali lilipo na mwendo wake wakati wote wa safari. Umuhimu wa mfumo huo umeongezeka tangu Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku baada ya katazo lililokuwapo tangu miaka ya 1990. Usiku wa manane, katika nyika kati ya Makuyuni na Babati, ni vigumu kumkuta askari kila baada ya kilomita chache, lakini kumbukumbu ya mwendo wa basi huendelea kuandikwa.

Abiria naye ana nafasi yake. Anayeona dereva anakimbia kupita kiasi ana haki ya kumtaka apunguze mwendo, na kutoa taarifa polisi au LATRA akitaja namba ya gari, mahali na saa.

Mteremko hauna tochi

Barabara ya kutoka Namanga huteremka kupitia Oldonyo Sambu hadi Ngaramtoni, ikizunguka miguu ya Mlima Meru upande wa magharibi, na huingia katika makazi yenye watu wengi. Katika ajali ya Februari 2024, hitilafu ya breki za lori ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo. Breki na mwendo ni mambo mawili yanayotegemeana.

Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Lori lililojaa mizigo likiachwa likimbie mteremkoni, kisha dereva akawa anakanyaga breki mfululizo, breki hupata joto kali na kupoteza uwezo wa kushika. Kwa sababu hiyo madereva wa magari makubwa hufundishwa kuingia mteremkoni wakiwa tayari katika gia nzito, ili injini ilishike gari na breki zibaki na akiba. Uamuzi huo hufanyika juu ya kilima. Ukicheleweshwa hadi katikati ya mteremko, mara nyingi gia hukataa kuingia.

Ukaguzi wa magari kabla ya safari, kwa hiyo, ni sehemu ya udhibiti wa mwendo. Vivyo hivyo kwa magari ya shule, ambayo abiria wake hawana umri wala sauti ya kumwamuru dereva apunguze mwendo.

Gharama ya dakika moja

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Kwa mujibu wa shirika hilo, ongezeko la asilimia 1 katika wastani wa mwendo huongeza uwezekano wa ajali yenye vifo kwa asilimia 4.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa katika kijiji chochote cha kando ya barabara. Eneo la makazi lenye urefu wa kilomita 3 hupitwa kwa dakika 3 na sekunde 36 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo wa kilomita 80, hupitwa kwa dakika 2 na sekunde 15. Anayekimbia ameokoa dakika 1 na sekunde 21.

Sasa mtoto atokee barabarani, mita 30 mbele. Gari dogo lenye breki nzuri kwenye lami kavu, likiwa katika mwendo wa kilomita 50, husimama ndani ya takribani mita 28, ikijumuishwa sekunde moja ya dereva kushtuka na kukanyaga breki. Gari hilohilo likiwa katika kilomita 80 huhitaji takribani mita 57. Mahali ambapo la kwanza limekwisha kusimama, la pili bado linakwenda kwa zaidi ya kilomita 70 kwa saa.

Askari mwenye tochi hawezi kuwapo katika kila kivuko cha Kikatiti, kila kona ya Rhotia na kila mteremko wa Ngaramtoni. Kibao cha 50 kipo hapo muda wote, na dereva ndiye anayeweza kukitii kabla mtoto hajaingia barabarani.