Kamera ya kubeba unapopanda Mlima Kilimanjaro

WATU wengi wanaojiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro hutumia siku kadhaa kuchagua viatu na makoti, lakini suala la kamera huliacha hadi dakika za mwisho. Matokeo yake, baadhi yao hufika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, wakiwa na kamera ya gharama kubwa isiyowaka.

Sababu kubwa ni baridi. Kwa wastani, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi katika kila mita 1,000 za kupanda. Kwa kuwa mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, kileleni huweza kuwa na baridi kuliko mjini kwa nyuzi 30 hivi. Aidha, wapandaji wengi huondoka kambi ya mwisho karibu na usiku wa manane ili wafike juu wakati wa macheo, hivyo kamera hukaa katika baridi kali kwa saa nyingi kabla ya kutumika.

Jambo la kwanza kuzingatia, basi, ni betri. Kemikali zilizo ndani ya betri za lithiamu hufanya kazi polepole penye baridi, na kamera huonyesha kuwa umeme umekwisha ilhali bado upo. Beba angalau betri mbili za akiba na uziweke katika mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Iliyozimika nayo irudishe humo. Ikipata joto huweza kufanya kazi tena. Simu ya mkononi huhitaji uangalizi huohuo.

Jambo la pili ni uzito. Kileleni, kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni ipatikanayo pwani. Wapagazi hubeba mizigo mikubwa hadi kambini, lakini usiku wa kupanda kilele kamera huwa mzigo wa mwenyewe. Kamera moja nyepesi yenye lenzi moja ya kuvuta, kwa mfano ya milimita 18 hadi 55 au 24 hadi 70 kulingana na aina ya kamera, yatosha kwa mandhari na kwa picha za watu. Stendi ya miguu mitatu haina ulazima, ila kwa anayekusudia kupiga picha za nyota.

Tatu ni mwanga. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kinachoonekana kina mng'ao wa wastani. Ndiyo maana theluji nyeupe hutokea ya kijivu pichani. Tumia kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze mwanga kwa hatua 1 hadi 2, kisha utazame picha kama weupe haujazidi.

Nne ni unyevunyevu. Kamera iliyopoa ikiingizwa penye joto hutokwa na matone ya maji, hata ndani ya lenzi. Kabla ya kuingia kibandani, ifunge katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na usiufungue mpaka ipate joto. Mfuko huo utaifaa pia mvua ya msituni, chini ya mlima.

Kabla ya safari, jaribu vitufe vyote ukiwa umevaa glavu. Kisichobonyezeka nyumbani hakitabonyezeka kileleni.

Picha hizo zina thamani kupita kumbukumbu ya familia. Kati ya mwaka 1912 na 2007, mlima huo ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu, hivyo andika tarehe na mahali ulipopiga kila picha. Hata hivyo, ukiumwa kichwa kikali, ukitapika au ukianza kuyumba, weka kamera mfukoni, mwarifu kiongozi wako na uteremke. Mlima unaweza kupandwa siku nyingine.