Ōrākei: Ukoo Uliobakiziwa Makaburi

Mwaka 1840 chifu Apihai Te Kawau wa Ngāti Whātua, ukoo wa Wamaori wa New Zealand, aliwakaribisha Waingereza waje kukaa kwenye ardhi yake kando ya bandari ya Waitematā. Hakuwa mjinga. Watu wake walikuwa wametoka kuandamwa kwa miaka mingi na makabila ya kaskazini yaliyotangulia kupata bunduki, na gavana akiwa jirani angekuja na amani na biashara. Gavana William Hobson alipata ekari zipatazo 3,000 kwa pauni 50 taslimu na bidhaa: mablanketi, suruali, vyungu vya chuma, mashoka, tumbaku. Miezi michache baadaye serikali ikauza ekari 44 tu kati ya hizo kwa pauni 24,275. Hivyo ndivyo mji wa Auckland ulivyoanza.

Kufikia mwaka 1869 ukoo ulikuwa umebaki na ekari 700 hivi za eneo la Ōrākei. Mahakama ya ardhi ilithibitisha kuwa ni zao, na zikawekewa masharti kwamba zisiuzwe. Lakini hati iliandikwa kwa majina ya watu 13, na mali ya wote ikaanza kuhesabiwa kuwa ya wachache. Mwaka 1898 ikakatwa vipande vya mtu mmoja mmoja. Wamaasai wa Kenya walioona mashamba yao ya pamoja yakigawanywa hati kwa hati wanajua kinachofuata: serikali haikuhitaji tena kuzungumza na ukoo, ilimfuata kila mwenye kipande peke yake. Rasi ya Takaparawhau, sehemu ya ardhi hiyo ambayo Waingereza waliiita Bastion Point, ilikuwa imekwisha kuguswa tangu mwaka 1886, sehemu yake ilipotwaliwa kwa ajili ya ulinzi wa bandari. Jeshi lilipoacha kuihitaji, mwaka 1941, wenyewe hawakurudishiwa. Ilipewa halmashauri ya jiji.

Kijiji chenyewe cha ukoo kilikuwa bondeni, Okahu. Mwaka 1914 bomba kubwa la maji taka ya jiji lilipitishwa ufukweni, mbele ya nyumba zao. Mvua ikinyesha maji yalikosa pa kutokea, na kijiji kikageuka kinamasi. Kome waliokuwa wakiwaokota tangu enzi za mababu wakachafuliwa na kinyesi cha mji ambao ukoo wao ndio uliotoa ardhi yake. Kisha ikasemwa kwamba kijiji ni kichafu, hakifai kukaliwa. Mwaka 1951 serikali ikatwaa ekari 12 na nusu za mwisho, ikawahamishia watu kwenye nyumba za kupanga mlimani, na nyumba zao pamoja na nyumba ya baraza zikabomolewa na kuchomwa moto. Ukoo ulibakiziwa robo ekari, nayo ni makaburi.

Serikali ilipotangaza mwaka 1976 kwamba nyumba za kifahari zitajengwa rasini, Joe Hawke wa ukoo huo na wenzake hawakungoja matingatinga. Tarehe 5 Januari 1977 walipanda wakapiga mahema, wakalima bustani, wakajenga nyumba ya baraza. Baadhi ya wazee waliona heri kuzungumza na serikali kuliko kupambana nayo, na mgawanyiko huo uliwaumiza wote. Mtoto wa kike alikufa katika ajali ya moto kambini. Hawakushuka. Tarehe 25 Mei 1978, baada ya siku 506, mamia ya polisi wakisaidiwa na jeshi walikuja kuwaondoa, wakakamata watu 222.

Wakati huo Baraza la Waitangi, lililoundwa mwaka 1975 kusikiliza malalamiko ya Wamaori juu ya mkataba wa 1840 kati yao na Waingereza, halikuruhusiwa kugusa dhuluma za zamani. Mwaka 1985 sheria ilibadilishwa, likaweza kurudi nyuma hadi 1840. Hawke alipeleka madai ya Ōrākei, na mwaka 1987 Baraza likaupa ukoo haki. Kwa sheria ya mwaka 1991 Takaparawhau ilirudi mikononi mwa wenyewe. Sehemu kubwa ni uwanja wazi unaosimamiwa na ukoo pamoja na jiji, na wakazi wote wa Auckland wanaruhusiwa kuingia. Hawke aliyekamatwa pale rasini akawa mbunge kuanzia mwaka 1996. Mwaka 2012 ukoo ulipata fidia ya dola milioni 18 za nchi hiyo kwa yale mengine yote, na kwa maoni yangu hiyo ni fedha kidogo mno kwa waliotoa ardhi jiji lilipoanzia.